Stesheni ya Dodoma: ipi hasa, na ilitoka wapi?

Tangu Julai 25, 2024, treni za SGR, reli mpya ya umeme, zilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, bodaboda wa mji huu wamejifunza kuuliza swali moja kabla ya kuwasha pikipiki: "Stesheni ipi?" Mgeni akisema tu "nipeleke stesheni", anaweza kushushwa katikati ya mji, mbele ya stesheni ya zamani, wakati treni yake inaondokea kwingine kabisa. Na mwenye tiketi ya treni ya Kigoma anaweza kufikishwa SGR, akaambiwa pale mlangoni kwamba siko.

Mkanganyiko wa mahali umezaa mkanganyiko wa historia. Kwenye vijiwe vya kahawa utasikia kwamba reli ya zamani imeshakufa. Utasikia kwamba SGR ni ile ile ya Mjerumani iliyopanuliwa, kwamba Reli ya Kati ilijengwa na Wachina, kwamba Dodoma ilipewa stesheni kwa kuwa ni makao makuu ya nchi. Yote manne si kweli, na hilo la mwisho limegeuza mambo juu chini: stesheni ndiyo iliyouzaa mji, na mji ndio uliokuja kuchaguliwa kuwa makao makuu.

Tuanze na majina. Stesheni ya zamani ni ile iliyo katikati ya mji, karibu na hoteli ambayo wazee bado wanaikumbuka kama Railway Hotel. Inahudumia Reli ya Kati, inayotoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Dodoma na Tabora hadi Kigoma, pamoja na tawi la Mwanza. Reli hii wengi huiita MGR au "meta geji", kwa sababu umbali kati ya chuma kimoja na kingine ni meta moja kamili. SGR ni reli nyingine, mpya, yenye upana wa milimita 1,435, na treni zake zinakwenda kwa umeme. Stesheni yake ya Dodoma imepewa jina la Rais Samia Suluhu Hassan. Ipo pia TAZARA, reli ya tatu, yenye upana wa milimita 1,067. Hiyo ndiyo iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, na inakwenda Kapiri Mposhi, Zambia. Haipiti Dodoma wala haikaribii. Anayesema stesheni ya Dodoma ni kazi ya Wachina amechanganya reli mbili ambazo hata hazigusani hapa kwetu.

Kwa nini treni ya reli moja haiwezi kupita kwenye nyingine?

Hapa ndipo wengi wanapotea, na kumbe jambo lenyewe ni jepesi. Magurudumu ya behewa hayafanani na ya gari. Mawili ya upande huu na upande ule yamekazwa kwenye chuma kimoja kinachozunguka nayo, hayawezi kusogeleana wala kuachana. Kila gurudumu lina ukingo kwa ndani unaolizuia lisitoke relini. Fikiria barabara ya udongo wakati wa masika, lori likishachimba mifereji miwili ya matairi: ukija na gari dogo lenye upana tofauti, tairi moja likiingia mferejini, la pili linabaki juu ya tuta, na hufiki mbali. Tofauti ni kwamba gari litayumba tu, lakini treni itaanguka.

Ndiyo maana SGR haikuwa suala la kuikarabati reli ya zamani. Ilibidi litandikwe tuta jipya, madaraja mapya na mataruma (vipande vinavyolala chini ya vyuma vya reli) mapya ya zege. Katika milima ya Kilosa yalitobolewa mahandaki manne, mahali ambapo Mjerumani alifuata bonde la mto kwa kupindapinda. Reli mbili hizo zinasafiri jirani, mara zinasogeleana mara zinaachana, lakini kila moja ina njia yake. Ukitaka kuhakikisha kwa macho yako, nenda stesheni ya mjini utazame chini. Mataruma ni ya chuma, na mtu mzima anavuka kutoka reli hadi reli kwa hatua moja ya kawaida. Kwenye SGR hutafika huko, maana imezungushiwa uzio na hakuna mahali pa kuvukia kwa mguu juu ya reli. Unapita chini ya daraja au juu yake.

Kabla ya reli palikuwa na nini?

Palikuwa na Ugogo, na Ugogo palikuwa na njia. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu, nguo, shanga na watumwa ilipita hapa kati ya Bagamoyo na Tabora, mingine ikiendelea hadi Ujiji. Nchi hii ni kavu, mvua ni ya msimu mmoja na mfupi, na visima vilikuwa na wenyewe. Watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani malipo ya kupita, kwa kila msafara uliopita na kunywa maji. Wazungu waliopita huku, kuanzia Burton na Speke mwaka 1857 hadi Stanley mwaka 1871, waliandika kwa hasira kuhusu hongo hiyo, na kwa muda mrefu tumesoma maandishi yao kana kwamba Wagogo walikuwa wanyang'anyi. Mimi naona ilikuwa serikali yenye ushuru wake, kama ushuru mwingine wowote wa kupita mpakani, katika nchi ambayo tone la maji lilikuwa na thamani.

Wakati huo Dodoma haikuwa jina kubwa. Vituo vilivyotajwa na wasafiri na baadaye na Wajerumani vilikuwa Mpwapwa upande wa mashariki na Kilimatinde upande wa magharibi. Kilichoipandisha Dodoma na kuwashusha hao wawili ni reli, na hakuna kingine.

Reli ya kwanza katika nchi hii haikuwa hii. Ilikuwa ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikijengwa na kampuni ya Philipp Holzmann kwa mtaji uliosimamiwa na Deutsche Bank na kudhaminiwa na serikali ya Ujerumani. Ilifika Morogoro mwaka 1907. Hapo ingeweza kuishia, maana mkataba wa kwanza ulikomea hapo, lakini mwaka 1908 ikaidhinishwa iendelee. Dodoma ilifikiwa mwaka 1910, Tabora 1912, na Kigoma, zaidi ya kilomita 1,250 kutoka pwani, mwanzoni mwa 1914. Waliobeba udongo na kugongomea vyuma walikuwa Waafrika kwa maelfu, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, wakifanya kazi ya ujira. Wengine walisukumwa kwenye ujira huo na kodi, ambayo ilidaiwa kwa fedha taslimu na isiyolipwa kwa mtama wala mbuzi.

Kwa nini reli ikishapita mahali, mji unaota? Treni za wakati ule zilikwenda kwa mvuke. Kichwa cha treni kilihitaji maji na kuni kila baada ya mwendo fulani, kwa hiyo vituo vilipangwa kwa kufuata kiu ya injini. Vituo vikubwa vilihitaji mafundi, makarani, bohari na nyumba za wafanyakazi. Karani ananunua unga, fundi ananunua nguo, na dukawala anafuata penye mshahara. Mkulima wa kijiji cha jirani aliyekuwa akiuza ng'ombe mmoja kwa msafara uliopita, sasa ana soko la kila wiki. Na mzigo ambao uliwachukua wapagazi wiki nyingi kufika pwani ukawa unafika kwa siku chache. Ndani ya miaka michache biashara ya upagazi kati ya Tabora na pwani ilikuwa imekufa, na hongo ya watemi nayo ikafa nayo.

Ramani ya mji bado inasimulia historia hiyo. Uzunguni, Uhindini, Madukani, Majengo: hizo ni ngazi za mkoloni zilizogeuzwa kuwa mitaa, kila tabaka na mahali pake, zote zikitazamana na reli. Kata nzima ya mjini inaitwa Tambukareli.

Vita, na njaa ambayo wazee hawaisahau

Sehemu hii huwa inarukwa, na ndiyo inayostahili kusimuliwa kwa kirefu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Reli ya Kati ndiyo ilikuwa uti wa mgongo wa jeshi la Mjerumani. Hata meli iliyoundwa Ujerumani, ambayo baadaye ilitumika vitani, ilikatwa vipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, na ikasafirishwa kupitia reli hii hadi Kigoma ili iunganishwe upya na kushushwa Ziwa Tanganyika. Meli hiyo ndiyo tunayoiita leo MV Liemba. Makasha yale yalipita Dodoma.

Julai 1916 majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer, yakipigania upande wa Uingereza, yalitelemka kutoka Kondoa na kuiteka Dodoma mwishoni mwa mwezi huo. Lengo halikuwa mji. Mji ulikuwa mdogo. Lengo lilikuwa reli. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walilipua madaraja, na Waingereza wakayajenga upya ili reli ile ile iwahudumie wao.

Kwa watu wa Ugogo, majeshi yote mawili yalikuja na mkono ule ule. Yalichukua nafaka ghalani, yalichukua ng'ombe, yalichukua vijana kuwa wapagazi. Mvua iliposhindwa, hapakuwa na akiba iliyobaki wala nguvu ya kulima. Njaa iliyofuata, kuanzia mwaka 1917 hadi 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na katikati yake ikaja homa kubwa ya mafua ya 1918. Reli iliyokuwa na uwezo wa kuleta chakula ilikuwa kwanza imetumika kukihamisha. Tunaposema "reli ilileta maendeleo Dodoma", sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika bila Mtunya.

Mwingereza alijenga nini?

Alijenga matawi. Tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Baadaye likajengwa tawi kutoka Msagali kwenda Kongwa kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuachwa ndani ya miaka michache. Reli hiyo iling'olewa baada ya mradi kufa. Njia kuu inayopita Dodoma ilibaki ile ya Mjerumani.

Kilichobadilika Dodoma ni kwamba stesheni ilipata wenzake. Barabara kuu ya kaskazini na kusini, ile inayotoka Arusha kupitia Kondoa na kuendelea Iringa na Mbeya, ilikutana na reli hapa. Miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways zilizokuwa zikisafiri kati ya Cairo na Cape Town zikawa zinatua hapa. Reli, barabara na ndege vilikutana mahali pamoja, tena katikati ya nchi.

Ukilijua hilo, uamuzi wa TANU wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma hauonekani tena kama kichomi cha ghafla. Mwalimu Nyerere na wenzake walitaka mji ulio karibu sawa kwa watu wa pande zote, na usawa huo ulikuwa umeshatengenezwa na njia hizo. Dodoma ilifikika. Bila stesheni ile ya mwaka 1910, sidhani kama jina la Dodoma lingefika hata mezani.

TRC, TRL, RAHCO: ni nani mwenye reli?

Majina haya yamewachosha watu, nitayapitia haraka. Kuanzia 1948 reli zetu zilikuwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda shirika lake, TRC. Mwaka 2007 uendeshaji ukakabidhiwa kampuni ya TRL, ambayo kampuni ya RITES ya India ilikuwa na hisa asilimia 51 na serikali 49, huku vyuma, ardhi na majengo vikibaki kwa RAHCO, kampuni ya serikali. Ubia ule haukudumu. Sheria ya mwaka 2017 iliunganisha TRL na RAHCO kuwa Shirika la Reli Tanzania, TRC tena. Shirika hilo moja ndilo linaloendesha MGR na SGR, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu kudhani ni reli moja. TAZARA ina mamlaka yake, ya Tanzania na Zambia kwa pamoja.

Je, reli ya zamani imekufa?

Hapana. Kabla SGR haijaanza, kipande cha Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970 za reli ile ya zamani, kilifanyiwa ukarabati mkubwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mtu hakarabati anachokizika. SGR bado inajengwa kuelekea magharibi, na mpaka itakapofika, mtu wa Urambo au Kaliua mwenye gunia zake anaitegemea meta geji. Vijiji na vituo vidogo vingi inakosimama treni ya zamani havina stesheni ya SGR: kati ya Morogoro na Dodoma SGR ina Mkata, Kilosa, Kidete, Gulwe na Igandu tu. Halafu kuna uchumi wa dirishani. Abiria wa treni ya zamani anafungua dirisha na kununua kuku Saranda au mhogo wa kuchemsha kituo kinachofuata, na mama anayeuza hapo anasomesha watoto kwa ratiba ya treni. SGR madirisha yake hayafunguki na uzio hauruhusu mchuuzi. Ni salama na safi, lakini katika mipango ya stesheni mpya huyo mama alipaswa kutengewa nafasi tangu mchoro wa kwanza.

Ni kweli pia kwamba reli ya zamani ina udhaifu wa kweli. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kinafuata bonde la Mto Mkondoa, na mafuriko hulibeba tuta mara kwa mara. Mvua za mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 zilikata njia kabisa kwa miezi. Na hakuna mtu wa Dodoma wa umri wangu asiyekumbuka Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyokuwa na watu zaidi ya 1,200 iliposhindwa kupanda mlima, ikarudi kinyumenyume ikishika kasi, na kugongana na treni ya mizigo Igandu. Walikufa watu 281. Anayesema SGR ni anasa tu, akumbuke kwamba mfumo mpya wa ishara na breki umekuja katika nchi yenye kaburi hilo.

Mkanganyiko mwingine mdogo lakini unaosumbua: Makutupora. Kandarasi ya pili ya SGR ilitajwa kuwa ni "Morogoro hadi Makutupora", na watu wa hapa wakadhani ni Makutupora yetu, kaskazini mwa jiji, yenye visima vya maji na kambi ya JKT. Siyo. Hiyo ni Makutupora ya Manyoni, mkoani Singida, mbele ya Bahi. Reli inapita Dodoma na kuendelea magharibi. Haigeuki kwenda visimani.

Na jengo la zamani, lipo salama?

Watu wengi wanaamini kwamba jengo lolote la Mjerumani linalindwa na sheria, hivyo hakuna wa kuligusa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haisemi hivyo. Kinga ya umri peke yake inahusu majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Reli ya Kati ilianza miaka 42 baadaye. Kwa hiyo stesheni zote za njia hii, kuanzia pwani hadi Kigoma, haziwi kumbukumbu ya taifa kwa sababu tu ni za zamani. Lazima waziri mwenye dhamana azitangaze, moja moja, kwa tangazo rasmi la serikali.

Ardhi ya katikati ya Dodoma imepanda bei tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, na eneo la reli ni kubwa, tambarare, tena mahali ambapo kila mwekezaji angependa kuwa. Anayetaka stesheni ile ibaki, ikiwa bado inapokea treni za Kigoma na Mwanza, asitegemee umri wake. Maombi ya kuitangaza yanapelekwa kwenye wizara inayosimamia malikale, na yanaweza kuandikwa na mwananchi, shule, chama cha wahifadhi au halmashauri ya jiji lenyewe.